Nambari Kubwa Si Macho Makali

Wahenga walinena ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na walimu wangu wa Kiswahili wasinikasirikie, kwa maana leo nimeshika kalamu kubishana na wahenga. Mimi nasema mchagua jembe ndiye mkulima, hasa ikiwa jembe lenyewe linanunuliwa kwa pesa za watu. Asiyechagua hurudi nyumbani na mpini.

Ndugu msomaji, jembe ninalolizungumzia ni darubini. Sisemi hadubini ile ya maabara ya Biolojia tunayotazamia ngozi ya kitunguu. Nasema darubini ya macho mawili, ile mtu anayoivaa shingoni akienda kupanda mlima au kutazama wanyama. Mhariri aliniuliza mambo ya darubini yanaingiaje katika gazeti la Chama cha Kiswahili. Nikamjibu kwamba neno lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi, ambako "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Akacheka, akanipa nafasi.

Muhula ujao Chama chetu cha Wanyamapori kitakutana kuamua jinsi ya kutumia shilingi 24,000. Pesa hizo ni jasho letu. Ni michango ya wanachama 36, pamoja na mandazi na njugu tulizouza siku ya michezo na siku ya wazazi. Sisi ni shule ya kutwa. Wengi wetu tunatembea kwa miguu asubuhi na jioni, na aliyetoa shilingi mia moja huenda alikosa nauli siku hiyo. Wanachama wengi wanataka tununue darubini moja kubwa yenye nguvu nyingi "ili shule nyingine zituheshimu". Mimi napinga. Sababu zangu ni kadha wa kadha, lakini ya kwanza ni aibu yangu mwenyewe, nami nitaieleza bila kuficha.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa chama. Tulikuwa na safari ya kwenda Longonot, na mlezi wetu akaturuhusu tununue darubini moja. Nilipewa shilingi 2,800 na mwenzangu mmoja wa kunisindikiza mjini. Hatukuuliza mtu yeyote. Kando ya stendi ya matatu tulimkuta mchuuzi amepanga saa, redio, tochi na darubini juu ya gunia. Darubini moja ilikuwa kubwa, nyeusi, na vioo vyake vilikuwa vyekundu kama makaa. Ubavuni iliandikwa 30x60. Kwenye sanduku lake palikuwa na picha ya mwindaji wa Kizungu na mnyama mwenye pembe za matawi matawi, pamoja na maneno ya kusema kwamba inaona mchana na usiku.

"Chukua hiyo, kijana," mchuuzi akaniambia. "Hiyo inavuta mara thelathini. Ukiwa hapa unamwona mtu wa Nakuru akinywa chai."

Tulicheka, lakini tulimwamini. Kando yake palikuwa na nyingine ndogo, kuukuu, ya mitumba, iliyoandikwa 8x30. Mwenzangu aliigusa. Nikamwambia, "Wacha hiyo bwana. Nane na thelathini, kubwa ni gani?" Hesabu yangu ilikuwa rahisi: thelathini inashinda nane. Tukalipa, tukaondoka tukitembea kama wakubwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulikutana na kibaya kikijitembeza stendi, tukakipa mkono.

Siku ya safari ikawadia. Mlima Longonot una kimo cha mita 2,776. Ukifika ukingoni, upande mmoja unaona bonde na Ziwa Naivasha kwa mbali, na upande wa pili kuna shimo kubwa la volkeno lenye msitu chini yake. Tulifika huko saa tano hivi, jasho likitutiririka na vumbi limetugeuza rangi. Mara tukapanga foleni ya darubini. Tulikuwa wanafunzi 31 na darubini moja.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Nilitazama nikaona ukungu wa rangi ya buluu ukitetemeka. Nikazungusha kigurudumu cha katikati, ukungu ukazidi. Je, nilisema nini? Nilisema, "Waa! Naona nyati!"

Nilisema uongo. Pesa zilikuwa zimepita mkononi mwangu, na sikutaka kuonekana mjinga. Wa pili akatazama akasema, "Eh, kweli, yule pale!" Wa tatu akaona nyati wawili. Kufikia mtu wa kumi na tano, kule chini kulikuwa na kundi zima la nyati, na twiga juu yake. Ikafika zamu ya msichana mmoja wa kidato cha kwanza ambaye huvaa miwani. Akatazama. Akavua miwani, akatazama tena. Kisha akairudisha darubini na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi sioni kitu."

Tukamcheka. Jamaa mmoja akamwambia aende akapimwe macho upya. Nami niliyejua ukweli kuliko wote nilicheka pamoja nao.

Tulikuwa tumesindikizwa na askari mmoja wa wanyamapori. Yeye alikuwa na darubini kuukuu iliyokwanguka rangi, na mshipi wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu. Aliomba kuitazama yetu. Hakuitazama hata nusu dakika.

"Nani amesema ameona nyati na hii?" akauliza.

Kimya.

"Basi huyu msichana peke yake ndiye amesema ukweli." Akavua darubini yake shingoni, akamvisha yule msichana na kumwelekeza upande wa uwanda ulioko nje ya mlima. "Polepole. Zungusha mpaka mti uonekane vizuri. Haya, unaona nini?"

Msichana alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Twiga watatu, afande. Mmoja ana mtoto. Mtoto anajificha nyuma ya mti." Nilipopata zamu yangu nilitupia macho maandishi ya ubavuni. Yalisema 8x30.

Mambo hayakuishia hapo. Jioni tukishuka, karibu na vichaka vya leleshwa, afande alisimama ghafla akainua mkono. Mbele yetu, hatua mia mbili hivi kutoka njiani, palikuwa na kitu ambacho sisi sote tulidhani ni jiwe jeusi. Aliinua darubini yake, akatazama, akatuamuru tukae chini na tusipige kelele. Jiwe lilikuwa nyati dume, peke yake. Tulingoja karibu nusu saa mpaka akaingia zake vichakani. Nikiwa nimeketi pale nilijaribu kumtafuta kwa darubini yetu ya shilingi 2,800. Kichaka na nyati vilikuwa kitu kimoja: giza la rangi ya buluu. Hapo ndipo nilipojua kwamba darubini si pambo la shingoni. Tungeongozwa na ile yetu, tungemwendea nyati tukidhani ni jiwe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma. Nimemsumbua mwalimu wa Fizikia hadi akanipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika ili mtu mwingine asirudie kosa langu, hata kama atanunua darubini yake binafsi miaka kumi ijayo.

Kwanza ni zile nambari. Darubini ikiandikwa 8x42, nambari ya kwanza ni ukuzaji, yaani kitu kilicho umbali wa mita 400 utakiona kana kwamba umekisogelea hadi mita 50. Nambari ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Hicho ndicho kinachokusanya nuru. Sasa chukua nambari ya pili uigawe kwa ya kwanza. Jibu utakalopata ni upana wa nuru inayoingia jichoni mwako. Ya 8x42 itakupa milimita 5.25. Ya 8x30 itakupa 3.75. Ile ya 20x50 inayotamaniwa na wenzangu itakupa 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho lako hujifunga hadi milimita 2 au 3, kwa hivyo huenda usione tofauti. Lakini alfajiri na jioni mboni hufunguka, na kwa vijana wa umri wetu inaweza kufika hata milimita 7. Wakati huo ndipo wanyama wengi hutoka. Darubini ya 2.5 itakuonyesha giza lililokuzwa mara ishirini.

Pili ni mkono wa binadamu. Mkono hautulii hata ungekuwa wa fundi saa, na baada ya kupanda mlima ndio zaidi. Darubini haichagui cha kukuza. Inakuza mnyama na inakuza mtetemeko pia. Ukuzaji ukipita mara 10, watu wengi huhitaji kigoda cha miguu mitatu. Nani atabeba kigoda hicho hadi ukingoni mwa Longonot, kisha akizunguke nacho mzunguko wa zaidi ya kilomita 7? Darubini kubwa ya 20x50 yenyewe ina uzito wa karibu kilo moja. Ivae shingoni kutwa nzima, kesho utaniambia.

Tatu ni upana wa mahali unapoona. Kadiri unavyokuza ndivyo dirisha linavyozidi kuwa dogo. Aghalabu darubini ya mara 8 hukuonyesha eneo la upana wa zaidi ya mita 100 kwa umbali wa kilomita moja. Ya mara 20 hukupa takriban nusu ya hapo. Kwa kiboko aliyelala haidhuru. Lakini jaribu kumfuata furukombe akishuka ziwani kukamata samaki, au mdiria anayepigapiga mabawa hewani kabla ya kujitupa majini. Kabla hujampata, ameshakula.

Nne ni vioo vyenyewe. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa maalum hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya nuru. Inaonekana ni kidogo, lakini darubini moja ina nyuso nyingi za vioo ndani yake. Wanahesabati, zidisheni 0.96 kwa yenyewe mara kumi muone. Nuru inayobaki ni kama theluthi mbili tu! Ndiyo maana vioo vizuri hupakwa dawa, na ukivitazama kwa upande utaona kivuli hafifu cha kijani au zambarau. Vile vyekundu kama makaa vimetengenezwa kuvutia macho ya wanunuzi kama mimi. Vinarudisha nje nuru nyekundu, kwa hivyo ndani kila kitu kinageuka buluu. Kumbe ule ukungu wa buluu wa Longonot haukuwa ukungu!

Tano ni umbo. Ziko darubini zilizopinda mabega, ambazo vioo vyake vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma. Umbo hili linatokana na prizimu alizobuni Mwitaliano Ignazio Porro katika karne ya 19. Ziko pia zilizonyooka kama mirija miwili. Hizi zilizonyooka ni nyembamba na zinapendeza, lakini prizimu zake zinahitaji ufundi zaidi kuzichonga. Kwa hivyo, mtu mwenye pesa kidogo kwa kawaida hupata picha nzuri zaidi akinunua iliyopinda mabega. Ubaya wake ni kwamba huwa nene, na nyingi haziwezi kustahimili mvua. Mwenye kuichagua awe na mfuko wa plastiki karibu.

Haya yote unaweza kuyapima dukani bila chombo chochote. Ishike darubini mbali na uso ukiielekeza kwenye dirisha lenye mwanga, uangalie vile viduara viwili vya nuru kwenye vioo vya nyuma. Vikiwa mviringo kamili, ni vizuri. Vikiwa na pembe kama vimekatwa, vioo vya ndani ni vya hali ya chini. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama kibuyu cha mbegu, irudishe. Toka nje, tazama mlingoti wa stima ulio mbali. Ukiona milingoti miwili, au kichwa kikianza kuuma, basi mirija yake haijapangwa sawa na hakuna fundi wa mtaani atakayeitengeneza. Zungusha kigurudumu uone kama kinakwenda laini. Mwisho, angalia kama vile vikombe vya mpira vya machoni vinaweza kukunjwa au kushushwa. Bila hivyo mwenye miwani hataona vizuri. Jambo hili hatulifikirii sisi tusiovaa miwani.

Tena jihadhari na tamu mbili za mchuuzi. Ya kwanza ni darubini ya kuvuta na kurudisha, yaani ukuzaji unaobadilika kutoka 10 hadi 30. Zile za bei ya chini huwa na giza, na dirisha lake ni jembamba. Ya pili ni ile inayosemwa "inaona usiku". Darubini ya vioo vitupu haiwezi kutengeneza nuru. Fauka ya hayo, nambari iliyoandikwa ubavuni si kiapo. Baadhi ya zile za barabarani huandikwa 30 na hazifiki hata nusu yake.

Labda utaniuliza, na yule mwindaji wa kwenye sanduku je? Nilimfikiria sana yule. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo sanduku lile halikutengenezewa sisi. Babu yangu, ambaye katika ujana wake aliwahi kubeba mizigo ya wawindaji wa Kizungu, aliniambia kwamba hawakuwa wakitembea wakitazama. Walikuwa wanakaa. Waliegemeza viwiko juu ya mwamba au fimbo, wakatazama kilima kimoja hata saa nzima, alfajiri na magharibi. Nikagundua kwamba mahitaji ya mwindaji na ya mpanda mlima ni yaleyale: nuru ya kutosha wakati wa kiza, picha isiyotetemeka, na uzito unaobebeka. Tofauti ni kwamba yeye alimalizia kwa risasi nasi tunamalizia kwa daftari. Hata mwindaji wa kweli, basi, asingenunua ile tuliyonunua sisi.

Sasa nirudi kwenye zile shilingi 24,000. Kamati imeletewa bei za aina tatu. Tunaweza kununua darubini moja ya 20x50 pamoja na kigoda chake kwa shilingi 23,500. Tunaweza kununua kumi na mbili ndogo za mfukoni kwa shilingi 2,000 kila moja. Ama tununue tatu za 8x32 kwa shilingi 7,800 kila moja, tubakishe shilingi 600 za vitambaa vya kufutia na mishipi imara.

Tupige hesabu ya foleni. Wanachama 36, kila mmoja atazame dakika mbili. Kwa darubini moja, mtu wa mwisho atangoja zaidi ya saa nzima. Nani atamwambia twiga asubiri? Kwa darubini tatu, foleni inakwisha kwa dakika 24. Ni kweli kwamba kwa zile kumi na mbili foleni itakwisha kwa dakika sita, na hoja hii ya katibu wetu ina nguvu. Lakini nimezijaribu zile ndogo. Ni za 8x21, upana wa nuru yake ni milimita 2.6, vioo havikupakwa vizuri, na katika mbili nilizozishika moja ilinionyesha milingoti miwili. Foleni fupi ya watu wasioona kitu ni Longonot ya pili.

Wapo wanaosema tusinunue chochote, kwani siku hizi simu zina kamera za kukuza. Kwanza, shuleni kwetu simu haziruhusiwi, na mwalimu wa zamu anasoma gazeti hili. Pili, simu nyingi tunazozijua sisi hukuza kwa kukata kipande cha picha na kukivuta, kama mtu anayevuta chapati ndogo ili ifunike sahani. Chapati haijaongezeka, imekuwa nyembamba tu.

Wapo pia waliosema tukinunua ya mara 8, shule nyingine zitatucheka tukikutana. Vilabu vya Wanyamapori nchini Kenya vilianza mwaka wa 1968, na sijasikia kwamba vilianzishwa ili wanafunzi wapimane darubini. Wakitucheka, tuwape watazame. Darubini itawajibu.

Lakini hata tukinunua nzuri kiasi gani, naomba kitu kimoja kwa mlezi wetu na kwa Bwana Mkuu, kwa heshima zote. Darubini zisifungiwe kabatini zikingoja wageni. Nimeona vitu vya shule vikizeekea kwenye sanduku la awali na plastiki yake. Tuwe na daftari la kuazimia. Mwanachama atie sahihi, aichukue Ijumaa jioni, airudishe Jumatatu asubuhi. Sisi ni watoto wa kutwa. Wengi tunaishi mahali ambapo ndege na pimbi wako nyuma ya nyumba, na wadogo zetu hawajawahi kuwaona vizuri. Kila mwenye kuazima afunzwe kwanza mambo machache: avae mshipi shingoni kabla ya kuitoa mfukoni, asifute kioo kwa tai ya shule, na asilitazame jua kwa darubini hata kidogo, maana jua litampofusha. Afunzwe pia kuirekebisha. Funika kioo cha mbele cha kulia, utazame kitu kwa jicho la kushoto huku ukizungusha kigurudumu cha katikati mpaka kionekane barabara. Kisha funika cha kushoto, utazame kitu kilekile kwa jicho la kulia ukizungusha ile pete ya kulia. Dakika moja tu. Wengi hulaumu darubini kumbe hawajairekebisha.

Ndugu msomaji, najua wengine watasema kwamba mtu aliyepoteza shilingi 2,800 hana haki ya kushauri juu ya 24,000. Ni kweli nilizipoteza, na ile 30x60 iko kabatini hadi leo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nimeumwa. Nawaomba wanachama siku ya mkutano tusipige kura kwa nambari kubwa. Mtu alete darubini za kujaribu, tutoke nje hadi uwanjani, kila mmoja atazame, na kila mmoja aseme alichokiona hasa. Asiyeona aseme haoni.

Na kwa yule dada wa kidato cha kwanza, ambaye sasa yuko kidato cha pili: sikuwahi kukwambia pole. Siku ile mimi pia sikuona kitu, na nilikuwa wa kwanza kudanganya. Wewe ulikuwa na macho mabovu kuliko sisi sote, na ni wewe tu uliyeona sawasawa. Darubini mpya zikifika, nimemwomba mlezi wewe ndiwe uwe wa kwanza kutia sahihi kwenye daftari.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Anayetaka kunijibu anijibu katika toleo lijalo, au anipate uwanjani saa nne.